Kabla ya kuhamia Unguja, nenda mwezi Mei

Saa kumi na moja alfajiri, Stendi Kuu ya Songea pale Shule ya Tanga ina baridi ya kumfanya mtu anunue chai hata kama hana hamu nayo. Wanawake wamejifunga vitenge viwiliviwili, makondakta wamevaa makoti mazito, na magunia ya mahindi mapya yanapandishwa kwenye buti za mabasi. Ni mwezi Mei. Karibu na mlango wa basi la Dar es Salaam wamesimama mke na mume wenye begi moja dogo. Hawaendi msibani wala harusini. Wamechukua likizo ya siku kumi na mbili, nne za njiani na nane za Unguja, na huko wanakwenda kutafuta vitu viwili: kazi na nyumba. Watoto wao, mmoja wa darasa la tatu na mwingine wa miaka minne, wamebaki kwa bibi yao Bombambili.

Mume ni mpishi. Amepika hotelini hapa mjini kwa miaka sita. Rafiki yake waliyesoma pamoja yuko Paje, pwani ya kusini mashariki ya Unguja, na kila Agosti humpigia simu kumwambia kuna nafasi jikoni na wageni wamejaa. Mke ni muuguzi wa zahanati ya serikali, mwenye ajira ya kudumu na michango ya pensheni inayokatwa kila mwezi. Kwa hiyo wanaposema wanahama, hawaachi kitu kimoja. Mume anaacha kazi ambayo anaweza kuipata tena kwingine, na mke anaacha kazi ambayo wenzake wengi wanaisubiri kwa miaka.

Ruvuma ni mkoa uliozoea kusindikiza watu. Wakati wa Mwingereza, Songea ilihesabiwa kuwa mahali pa kutoa vibarua, na vijana wa Kingoni walikwenda kwa wingi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Ndio walioitwa manamba. Mwanamume aliondoka peke yake na mke akabaki na jembe na watoto. Baadhi yao hawakurudi, na hadi leo ukienda Muheza au Korogwe utakuta familia zenye majina ya huku. Bibi wa Bombambili amekua akisikia habari hizo. Mkwewe alipozungumzia Unguja kwa mara ya kwanza, hakumpinga. Alitaka jambo moja tu, kwamba wakaone wote wawili, kwa macho manne, kabla mtu yeyote hajaandika barua ya kuacha kazi.

Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni kilometa zaidi ya 900 kwa njia ya Makambako, barabara ya lami iliyokamilika miaka ya 1980 na kuutoa mji huu kwenye upweke. Njombe ina ukungu. Baada ya Iringa mnashuka Kitonga, masikio yanaziba, na abiria wanaanza kuvua masweta. Mkipita Mikumi na Morogoro joto linaingia madirishani, na mnafika Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, usiku. Siku hizi ipo pia njia ya Tunduru na Masasi, na mwenye uwezo hupanda ndege. Ila mwenye nia ya kuhama na watoto ni vizuri asafiri kwa basi angalau mara moja, maana hiyo ndiyo njia watakayotumia kila likizo, na nauli yake ndiyo itakayoamua kama bibi ataona wajukuu mara moja au mara mbili kwa mwaka.

Asubuhi yake ni boti, karibu saa mbili juu ya maji. Mwezi Mei bahari haina utulivu. Wahudumu wanapita na mifuko ya kutapikia, na waliokuwa wanapiga picha wanaanza kufumba macho. Wenye uzoefu hukaa sehemu ya chini, katikati ya chombo, ambako mtikisiko ni mdogo, na hawapandi na tumbo tupu wala lililojaa mafuta. Kwa mtoto hiyo husaidia kuliko kumpa dawa za kutapika ambazo hazikuandikwa na mtaalamu.

Mkishuka Malindi, jambo la kwanza mtu wa Songea analoliona ni jinsi watu walivyobanana. Sensa ya 2022 ilihesabu watu kama milioni 1.85 mkoani Ruvuma na kama milioni 1.89 Zanzibar yote, yaani karibu idadi ile ile. Lakini Ruvuma ina eneo linalozidi la Zanzibar zaidi ya mara 25. Anayetoka mahali ambapo nyuma ya nyumba kuna migomba, mabanda ya kuku na robo eka ya mahindi anapaswa kulifikiria hilo kabla ya kufikiria ufukwe.

Jambo la pili ni maneno. Lugha ni moja, ila shule hapa ni skuli, nyanya ni tungule, viazi ni mbatata, na mkate wa dukani ni boflo. Mke alicheka sokoni Darajani alipoambiwa bei ya tungule akadhani ni mboga asiyoijua. Ni mambo madogo, na mtoto wa darasa la tatu atayazoea kwa wiki mbili. Wazazi ndio huchelewa.

Kwa nini waende Mei? Wazo hilo lilitoka kwa mke, na huenda ndilo lililowaokoa. Mtu akienda Paje mwezi Agosti anaona kisiwa kikiwa kimevaa nguo za sikukuu. Upepo wa kusi unavuma, wageni wanateleza juu ya maji kwa tiara zao za rangi, kila jiko linataka mpishi wa pili. Msimu mkubwa wa watalii ni Julai na Agosti, kisha Desemba hadi Februari. Masika ya Aprili na Mei ni hadithi nyingine. Wenzi hawa walikuta baadhi ya hoteli zimefungwa, magodoro yameegemezwa ukutani, mafundi wanapaka rangi, na mvua inanyesha juu ya vitanda vya ufukweni ambavyo hakuna wa kuvilalia. Rafiki aliyekuwa akipiga simu kila Agosti walimkuta nyumbani. Alikuwa likizo isiyo na malipo tangu katikati ya Aprili, anasubiri kuitwa Juni. Kwenye simu hilo hakuwahi kulisema, si kwa kudanganya, ila hakuna aliyemuuliza.

Hapo mume alielewa swali la kuwauliza waajiri. Kwa siku tatu alipita Paje, Jambiani na Bwejuu na vyeti vyake kwenye bahasha ya plastiki. Kila alipopata msimamizi wa kuzungumza naye aliuliza mshahara, kisha akauliza Aprili na Mei wafanyakazi wanalipwaje. Wengine walimjibu vizuri. Wapo wanaowapa wafanyakazi likizo yao ya mwaka katika miezi hiyo, wapo wanaolipa nusu, wapo wanaotoa mikataba ya msimu na kuanza upya kila mwaka. Wapo pia waliokwepa. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Namba 11 ya 2005, tofauti na ile ya Bara, na ina mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF. Mpishi aliyechangia NSSF miaka sita asidhani kila kitu kitaendelea pale kilipoishia. Aulize kabla hajasaini, na kinachoahidiwa kwa mdomo kiandikwe.

Kuna la malazi pia. Hoteli nyingi za pwani zina vyumba vya wafanyakazi, na tangazo likisema malazi yapo, baba wa familia hufurahi. Vyumba hivyo kwa kawaida ni vya kulala watu wazima kwa zamu, vitanda vya juu na chini, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Mke na watoto wawili hawamo kwenye hesabu hiyo. Hapo ndipo umanamba unapoweza kurudi kwa sura mpya: baba pwani, mama Songea, fedha zinatumwa kwa simu mwezi huu na mwezi ujao hazitumwi.

Wakati mume anazunguka pwani, mke alikuwa mjini akifuatilia la kwake, na la kwake lilikuwa gumu zaidi. Watumishi wengi wa Bara hudhani kuhamia Unguja ni kama kuhamia Mbeya au Tanga, unaandika barua ya uhamisho ukisubiri kibali. Sivyo kwa muuguzi. Afya si jambo la Muungano. Wizara ya Afya ya Zanzibar ni ya Serikali ya Mapinduzi, ajira zake hupitia Tume ya Utumishi Serikalini Zanzibar, na matangazo yake kwa kawaida hutaka mwombaji awe Mzanzibari. Hata leseni hazifanani. Aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga la Bara anatakiwa ashughulikie usajili kwa Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar kabla hajagusa mgonjwa huko. Walimu wa msingi na sekondari wamo katika hali hiyo hiyo, maana elimu ya ngazi hizo nayo haimo kwenye Muungano. Polisi au mtumishi wa Uhamiaji anaweza kupangiwa upande wowote, lakini mwalimu na muuguzi hawawezi kwa njia hiyo.

Kilichobaki kwake ni hospitali na kliniki binafsi. Zipo, nyingine nzuri, na muuguzi mwenye uzoefu wa ukunga hatakosa pa kuulizia. Ila hiyo ni kubadilisha ajira ya kudumu kwa mkataba, na wenzi wengi hulifanya jambo hili kimya kimya kana kwamba kazi ya mke ni kifurushi cha kupakia mwishoni baada ya televisheni na magodoro. Katika familia hii mshahara wa mke ndio ulioingia bila kukosa kwa miaka yote. Kuuacha kwa ajili ya kazi ya mume inayolala miezi miwili kila mwaka ni uamuzi unaohitaji kalamu na karatasi. Ipo njia ya kati, ya kumwomba mwajiri likizo bila malipo. Mwajiri anaweza kukataa, lakini kuomba hakugharimu kitu, na barua ya kuomba likizo ina njia ya kurudi ambayo barua ya kuacha kazi haina.

Siku ya tano walianza nyumba. Dalali aliwachukua Fuoni, kisha Mwanakwerekwe, kisha wakarudi pwani. Hesabu ni ngumu kwa sababu moja. Kazi iko Paje, ambako wapangaji wa Kiswahili wanashindana na wageni wanaolipa kwa dola, na nyumba za bei ya kawaida ziko mjini na viunga vyake, safari ya zaidi ya saa moja kwa daladala. Zamu ya mpishi huisha usiku, wakati daladala zimekwisha. Mume atalazimika kununua pikipiki, au kulala kazini siku tano na kuja nyumbani siku mbili. Kodi inatakiwa ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali anataka yake. Mshahara wa msimu unalipa kodi ya mwaka, na katikati hapo ndipo familia nyingi hukwama.

Hapa ndipo Mei ilipolipa tena. Nyumba inayoonekana safi Agosti huonyesha maradhi yake masika. Katika nyumba moja nzuri ya vyumba viwili, yenye vigae na makabati, mke aliingia chumba cha watoto akanusa. Nyuma ya kabati ukuta ulikuwa na ukungu mweusi hadi usawa wa kiuno. Mtoto wao mdogo hubanwa na kifua, na chumba chenye unyevu na ukungu ni mahali pabaya kwa mtoto wa namna hiyo. Nyumba nyingine, mabondeni, ilikuwa na mstari wa maji ukutani uliopakwa rangi juu yake bila kufichika. Pwani, tatizo ni maji ya kisima. Kijiji kimoja walionja, yakawa na chumvi. Yanafaa kufulia na kuogea, ila ya kunywa na kupikia yananunuliwa kwa madumu, na gharama hiyo haimo kwenye kodi anayoitaja dalali. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kokote mtakakopanga. Kipindupindu kimewahi kuisumbua Zanzibar mara kadhaa, na mvua kubwa ndiyo rafiki yake.

Mkipata nyumba, kabla ya kulipa nendeni kwa sheha. Kila shehia ina wake, na ndiye anayejua mwenye nyumba ni nani kweli, kama kuna mgogoro wa mirathi, na kama eneo hujaa maji. Ndiye pia mtakayeanza naye mtakapotafuta kitambulisho cha mkaazi asiye Mzanzibari, ambacho Mtanzania wa Bara anayeishi Zanzibar hupewa chini ya sheria ya mwaka 2018. Nendeni na vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, na msiache kadi za kliniki.

Kuhusu afya ya watoto kuna jambo moja linalowavutia wazazi wa Ruvuma kuliko bahari. Kwa familia za Songea homa ya mtoto usiku na safari ya kwenda kupima malaria alfajiri ni mambo ya kawaida. Zanzibar, kwa kupulizia dawa majumbani, vyandarua na kupima kwa ufuatiliaji, imeshusha maambukizi ya malaria hadi chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi. Lakini wahamiaji wanapaswa kujua upande wa pili. Sehemu kubwa ya wagonjwa wanaopatikana huko wana historia ya kusafiri, wengi wao kwenda au kutoka Bara. Mtoto akipata homa wiki za mwanzo baada ya kufika, mpelekeni kupimwa siku hiyo hiyo na mseme wazi kwamba mmetoka Songea. Mkirudi kwa bibi likizo ya Desemba, chandarua kirudi kitandani kama zamani. Na kwa kuwa skuli za Unguja zina miaka sita ya msingi na masomo ya dini ya Kiislamu na Kiarabu kwenye ratiba, mtoto ahamishwe mwanzoni mwa mwaka, Januari, na mzazi azungumze na mwalimu mkuu mapema kuhusu darasa atakaloingia.

Familia hii ni ya Kikatoliki, kama zilivyo nyingi za upande wa Peramiho. Jumapili walisali Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Joseph lililosimama Mji Mkongwe tangu karne ya 19. Mke aliona jinsi wanawake wa mjini wanavyojisitiri, akaona kitenge chake cha Songea kinatosha kabisa. Mwezi wa Ramadhani mchana migahawa hufungwa na watu hawali hadharani. Kwa mtoto wa miaka minne mwenye chupa yake ya uji hilo linahitaji mpango kidogo tu, na majirani wengi huwa wapole kuliko mgeni anavyohofu.

Wana kiwanja Mjimwema, chenye msingi uliofika kwenye rinta. Wazo la awali lilikuwa kukiuza ili kupata kodi ya mwaka na nauli. Kama mngeuliza watu waliotangulia Unguja, wengi wangewaambia mkishike. Ardhi ya Zanzibar ina sheria zake, na haki ya matumizi ya ardhi hutolewa kwa Mzanzibari. Mpishi wa Songea anaweza kupanga huko hadi azeeke, ila hawezi kutegemea kununua kiwanja kesho kwa njia ile aliyonunulia cha Mjimwema.

Siku ya nane walipanda boti ya kurudi wakiwa hawana mkataba wala nyumba. Walikuwa na daftari la shule lenye namba za waajiri wanne, majina ya masheha wawili, bei za madumu ya maji, na alama ya mkasi mbele ya nyumba yenye ukungu. Hoteli moja ya Jambiani ilikuwa tayari kumpokea mume kuanzia mwishoni mwa Juni. Aliomba waandike kwenye mkataba watakachomlipa Aprili, wakasema watamjibu.

Kesho yake basi lilipopita Njombe kioo kilijaa ukungu na mke akatoa masweta mawili kutoka kwenye begi. Walikubaliana juu ya mambo machache tu. Mume akijibiwa vizuri ataanza peke yake msimu mmoja, Julai hadi Septemba, na atarudi. Mke ataanza kufuatilia usajili wa leseni yake kule bila kuacha zahanati. Watoto hawahami mwaka huu. Simu iliita karibu na Madaba. Alikuwa mtu anayekitaka kiwanja cha Mjimwema, anauliza kama wamefikia uamuzi. Mke ndiye aliyepokea. Alimwambia wako njiani, mtandao unakatika, na kwamba msingi wameamua kuufunika kwanza usinyeshewe hadi Januari.